Kutoka ishara za mimea hadi jeni za vipepeo: uchambuzi wa kisa cha mtafiti aliyebadili uwanja

Kisa na mipaka yake

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanabiolojia mmoja wa Afrika Mashariki ambaye kwa nusu ya kwanza ya kazi yake alichunguza jinsi mmea unavyopeleka taarifa kutoka kiungo kimoja hadi kingine unapopatwa na ukame au unapotafunwa na wadudu, na kwa nusu ya pili akachunguza jeni za vipepeo. Nimeondoa jina lake, nchi yake, chuo chake na kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha; nitamwita Mtafiti. Mimi nilikuwa miongoni mwa watu watatu walioombwa na idara yake kuipitia kazi yake mara mbili, mara ya kwanza alipotaka kubadili uwanja na mara ya pili miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo sehemu ya maamuzi ninayoyaeleza ilipita mikononi mwangu pia. Ameisoma taarifa hii na kuikubali.

Ninaiandika kwa ajili ya watafiti vijana ambao wamesomea jambo moja ughaibuni, wamerudi nyumbani, na wanakuta kwamba mazingira ya kazi hayakubaliani na jambo hilo. Wako wengi, na kwa kawaida shauri wanalopewa ni ama wavumilie ama waondoke tena.

Usuli: miaka ya mimea

Jani la chini la mnyanya likitafunwa na kiwavi, majani ya juu ambayo hayajaguswa hubadilisha kemia yake ndani ya muda mfupi. Kati ya homoni zinazohusika, iliyo maarufu zaidi katika suala la majeraha ni jasmoneti. Mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan walionyesha kwamba hata mvuke wa methili jasmoneti unaotoka kwa mmea wa jirani unaweza kuufanya mnyanya utengeneze protini zinazovuruga mmeng'enyo wa chakula tumboni mwa mdudu. Katika ukame homoni kuu ni nyingine, asidi ya absisiki, ambayo huyaamuru matundu ya majani yajifunge ili maji yasipotee. Vipokezi vya homoni hiyo vilitafutwa kwa muda mrefu na kwa mabishano mengi hadi vilipotambuliwa mwaka 2009. Baadaye, mwaka 2018, kundi la Masatsugu Toyota lilionyesha kwa picha jinsi wimbi la kalisi linavyosafiri kutoka kwenye jeraha hadi majani ya mbali, likichochewa na glutameti, ile kemikali ambayo katika ubongo wa wanyama hupitisha ujumbe kati ya seli za neva.

Mtafiti aliingia katika uwanja huu kwa shahada ya uzamivu aliyoifanya Ulaya. Swali lake lilihusu makutano ya homoni hizo mbili: mmea ulio katika kiu na huku unatafunwa unaitikia shida ipi kwanza, na je, kuitikia moja kunadhoofisha mwitikio wa nyingine? Ni swali zuri, na kwa mkulima wa eneo lenye mvua za kubahatisha ni swali lenye uzito, maana ukame na wadudu humjia kwa pamoja. Aliutumia mmea wa Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao humaliza mzunguko wa maisha kwa takriban wiki 6, huweza kujichavusha wenyewe, na ambao jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2000, ya kwanza kwa mmea wowote. Kazi yake ilisifiwa, na aliporudi nyumbani alipewa ajira, chumba cha maabara na ruzuku ndogo ya kuanzia.

Ugumu ulianzia kwenye chumba cha kukuzia mimea. Arabidopsis huhitaji joto la nyuzi 22 hivi, mwanga uliopangwa kwa saa, na unyevu usioyumba. Umeme ulipokatika usiku na jenereta isiwake kwa wakati, joto ndani ya chumba kile lilipanda, na asubuhi mimea ilionekana mizima kabisa. Lakini haikuwa mizima kwa maana aliyoihitaji yeye. Mtu anayepima mwitikio wa mmea kwa mkazo alioupanga mwenyewe hawezi kutumia mimea ambayo imekwisha kuitikia mkazo mwingine usiku, wakati yeye amelala. Kila umeme ulipokatika, majuma ya kazi yalipotea bila jani hata moja kunyauka. Sampuli za RNA, molekuli zinazoonyesha ni jeni zipi zinafanya kazi, nazo zilitakiwa zikae kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na zisafirishwe juu ya barafu kavu, na kifurushi kikikaa forodhani siku nne barafu hiyo huisha. Kwa miaka mitano alichapisha makala mbili, zote kwa data alizokuja nazo kutoka Ulaya. Ninalitaja hili waziwazi kwa sababu katika mafaili ya idara liliandikwa kama upungufu wa juhudi, na haikuwa kweli.

Viwavi waliotoka majike watupu

Vipepeo waliingia katika kazi hii kupitia mimea. Akiwa amechoka kutegemea chumba cha umeme, Mtafiti aliamua kufanya majaribio ya majeraha nje, kwa mimea ya kienyeji iliyopandwa kwenye vyungu, na badala ya kuyajeruhi majani kwa koleo atumie viwavi wenyewe. Alichagua magugu yenye utomvu mweupe ya jenasi ya Gomphocarpus, yanayoota kando ya barabara na kwenye malisho, na kiwavi wake wa kawaida, yule mwenye mistari ya njano, nyeusi na nyeupe na pembe laini nyeusi mgongoni. Huyo ni mtoto wa kipepeo Danaus chrysippus, ambaye karibu kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki amemwona akipita taratibu juu ya majani, bila haraka, kwa sababu sumu anayoikusanya kutoka kwa magugu hayo huwafanya ndege wengi wamwache.

Jike mmoja aliwekwa kwenye kizimba cha neti akataga mayai, moja moja, upande wa chini wa majani. Viwavi walipomaliza kazi yao kwenye jaribio, msaidizi wa maabara hakuwatupa. Aliwaacha wageuke pupa. Walipotoka wakiwa vipepeo, Mtafiti alitaka kujua wangapi ni madume, na kwa spishi hii jambo hilo ni rahisi: katika bawa la nyuma jike ana madoa matatu meusi karibu na katikati, na dume ana la nne, ambalo kwa kweli ni mfuko mdogo wa harufu anaoutumia katika uchumba. Alimshika kila mmoja, akafungua mabawa, akahesabu. Matatu. Matatu. Matatu. Uzao mzima ulikuwa wa majike.

Jambo lenyewe halikuwa jipya kwa sayansi. Uzao wa majike watupu katika spishi hii ulikuwa umeelezwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na mwaka 2000 Francis Jiggins na wenzake walimtambua mhusika: bakteria wa jenasi ya Spiroplasma, asiye na ukuta wa seli, anayerithishwa na mama kupitia yai na ambaye huua viinitete vya kiume kabla ya kuanguliwa. Kwa bakteria, dume ni njia isiyofika popote, kwa kuwa baba hamrithishi mtoto bakteria huyo. Mtafiti hakuyajua hayo siku ile. Alidhani amekosea kuhesabu, akahesabu tena, kisha akakaa wiki nzima akisoma kila alichoweza kukipata. Aliniambia baadaye kwamba tangu arudi nyumbani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa swali kumkosesha usingizi kwa sababu nzuri.

Lililomvuta zaidi lilikuwa eneo. Katika sehemu kubwa ya Afrika, spishi hii imegawanyika katika maumbo ya kijiografia yanayotambulika kwa mabawa: wengine wana ncha nyeusi yenye mkanda mweupe kwenye bawa la mbele, wengine, waitwao dorippus, wana bawa la rangi ya chungwa tupu, na wengine wana bawa la nyuma jeupe. Maumbo haya hukutana na kuzaliana Afrika Mashariki, Nairobi ikiwa ndani ya eneo hilo la makutano, na ni huko huko ambako uzao wa majike watupu ni wa kawaida. Swali ambalo maabara za Ulaya zililazimika kulisafiria yeye alikuwa nalo nyuma ya jengo lake, na vifaa vya kuanzia vilikuwa neti, vyungu, kalamu ya wino usiofutika na ethanoli ya kuhifadhia miguu ya vipepeo kwa ajili ya DNA.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutoamua. Mtafiti alipokuja mbele yetu akitaka kuacha mimea, tulimshauri abaki na miguu pande zote mbili: siku tatu za juma kwa mimea, mbili kwa vipepeo. Sababu zetu zilionekana za busara. Alikuwa na mwanafunzi wa uzamili katika mradi wa mimea, alikuwa na jina katika uwanja huo, na ruzuku iliyobaki ilitolewa kwa ajili ya mimea. Aliufuata ushauri huo kwa miezi 18.

Uamuzi wa pili ulikuwa wake mwenyewe, na ulikuwa wa kuanzia kwa majaribio ya kupandisha badala ya kuanzia kwa kujifunza kutoka kwa watu wa vipepeo. Alitaka kujua jeni za rangi ya bawa ziko wapi katika kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni. Mbinu aliijua vizuri: unapandisha maumbo mawili, unapata chotara, unamrudisha chotara kwa mzazi mmoja, kisha unatazama katika watoto ni vipande gani vya kromosomu vimebadilishana mahali. Kadiri vialama viwili vya DNA vinavyotenganishwa mara nyingi, ndivyo vilivyo mbali. Katika Arabidopsis mbinu hii inafanya kazi kwa upande wa mama na wa baba, kwa kuwa kromosomu hubadilishana vipande katika uundaji wa yai na katika uundaji wa chavua.

Alichagua chotara wa kike, kwa sababu jike mmoja hutoa mayai mengi na ni rahisi kumfuatilia. Kwa misimu miwili alipandisha, akalea, akapima. Watoto walikuja katika makundi yaliyotenganika kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha kromosomu iliyochanganyika. Alidhani vialama vyake vya DNA vilikuwa vibovu, akaagiza vingine. Tatizo halikuwa vialama. Kwa vipepeo na nondo wote, jike hana ubadilishanaji wa vipande vya kromosomu hata kidogo. Kila kromosomu anayoipitisha kwa mtoto hupita nzima, kama alivyoipokea. Ramani ndani ya kromosomu huchorwa kwa chotara wa kiume pekee. Ni jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa maabara ya vipepeo hulijua katika mwezi wa kwanza, na lilikuwa limeandikwa katika vitabu kwa miongo kadhaa. Mtafiti alikuwa amesoma makala nyingi, lakini alikuwa akisoma matokeo. Sehemu za mbinu alizipitia haraka kwa sababu alidhani anazijua.

Na hapo ugumu wa pili ukajitokeza, kwa sababu alipowahitaji chotara wa kiume hakuwa nao. Ukoo wake ulianzishwa na majike wenye bakteria, na majike hao huzaa majike. Ilimlazimu atafute mama wasio na bakteria kutoka maeneo mengine na kuanza ukoo upya.

Uamuzi wa tatu ulikuja kutokana na hasara hii, na ndio ninaouona kuwa bora kuliko yote. Alisimamisha majaribio kwa miezi mitatu na kwenda kujifunza mahali pawili. Kwanza alikwenda kwa wiki 6 katika maabara ya nje inayofanya kazi na vipepeo. Pili alimwajiri kwa msimu mmoja mfugaji wa vipepeo kutoka pwani ya Kenya. Ufugaji huo una historia yake: mradi wa Kipepeo, pale Gede kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, umekuwa tangu mwaka 1993 ukinunua pupa kutoka kwa wakulima wanaouzunguka msitu na kuziuza nje kwa ajili ya maonyesho. Mfugaji huyu hakuwa na cheti cha sayansi, lakini alimfundisha Mtafiti kupandisha vipepeo kwa mkono, kutambua kiwavi anayeumwa kwa namna anavyoshika jani, na kutolundika viwavi wengi katika kizimba kimoja kwa kuwa maradhi ya mmoja huwa ya wote. Jina lake limo katika makala iliyotokana na msimu ule, kama mwandishi mwenza, kwa msimamo wa Mtafiti dhidi ya maoni ya baadhi ya wenzake.

Uamuzi wa nne ulisukumwa na watu wengine. Mwaka 2020 kundi la kimataifa, lililowajumuisha watafiti wenye uzoefu mrefu wa Afrika Mashariki, lilichapisha uchambuzi wa jenomu nzima wa spishi hii. Walionyesha kwamba jeni za rangi ya bawa la mbele ziko katika eneo kubwa la kromosomu moja ambalo halibadilishani vipande kwa urahisi. Kwamba kromosomu hiyo hiyo imeungana na kromosomu W, ile ya kike, kuwa kromosomu mpya ya jinsia. Na kwamba kromosomu hiyo mpya imeenea katika eneo la makutano ndani ya takriban miaka 2,200, ikiandamana na bakteria kutoka mama hadi binti bila kuachana. Swali la Mtafiti la mahali pa jeni lilikuwa limejibiwa, na kwa undani ambao yeye peke yake asingeufikia.

Tulimkuta akiwa amevunjika moyo. Hata hivyo ndani ya mwezi mmoja alikuwa amegeuza swali. Ikiwa majike wote wenye bakteria wamebeba aina ile ile ya jeni ya rangi, na ikiwa jeni hiyo hujificha mbele ya jeni ya baba, basi mabinti wanavaa rangi ya baba yao, na rangi ya kizazi kizima cha mahali hutegemea ni madume wa kutoka wapi waliofika msimu ule. Yeye alikuwa na vizimba, shajara za misimu kadhaa na watu waliokuwa wakihesabu vipepeo kila juma mahali pamoja. Kundi lililosoma jenomu kutoka mbali halikuwa na hicho. Aliacha kutafuta jeni, akaanza kufuatilia madume.

Vyungu na viwavi wachanga

Kuna sehemu moja ya kisa hiki ninayotaka kuieleza kwa karibu, kwa sababu ndipo uwanja wa zamani ulipouokoa uwanja mpya.

Baada ya ukoo mpya kuanzishwa, hesabu zilikataa kutulia. Uzao wa mama asiye na bakteria ulitarajiwa kutoa madume na majike nusu kwa nusu, na karibu kila yai lianguliwe. Badala yake vipepeo waliofika ukubwani walikuwa wachache mno, wakati mwingine chini ya nusu ya mayai, na kwa kuwa bakteria muuaji naye huondoa takriban nusu ya uzao, ilikuwa rahisi kudhani kwamba mama yule ameambukizwa. Idadi ilikuwa ile ile, sababu tofauti.

Mtafiti alikwenda kwenye banda asubuhi moja, akapiga magoti mbele ya vyungu, na akatazama majani badala ya kutazama viwavi. Kila chungu kilikuwa na makovu ya kukatwa: jani la jana, la juzi, la siku tatu zilizopita. Wasaidizi walikuwa wakivuna chakula cha viwavi kutoka vyungu vile vile kila siku. Kwa mtu aliyetumia miaka mingi kupima jasmoneti, maana ya makovu yale ilikuwa wazi. Kila mkato ni jeraha. Kila jeraha huita homoni. Na magugu ya jamii hii yakijeruhiwa mara kwa mara huongeza utomvu na sumu za moyo zilizomo ndani yake. Viwavi wakubwa wa jenasi hii huukata kwanza mshipa mkuu wa jani ili utomvu umwagike kabla ya kula. Kiwavi aliyeanguliwa leo hana nguvu hizo. Alipochukua lenzi ya mkononi aliwaona, wawili katika jani moja, wadogo kuliko punje ya uwele, taya zao zikiwa zimegandishwa na tone la utomvu lililokauka.

Jaribio alilolipanga lilikuwa la kawaida kabisa katika uwanja wa mimea, na ndiyo maana lilimjia haraka. Aliwagawa watoto wa mama mmoja katika makundi mawili: kundi moja lilikula vyungu vilivyokatwa kwa siku kadhaa mfululizo, jingine vyungu vilivyopumzishwa. Kundi la vyungu vilivyokatwa lilichelewa kukua, na wengi wao walikufa katika siku za mwanzo. Tangu hapo kila chungu kina kibao chenye tarehe ya mara ya mwisho kukatwa, hakiguswi hadi kipumzike, na vifo huhesabiwa katika safu mbili tofauti: mayai yasiyoanguliwa, na viwavi waliokufa baada ya kuanguliwa. Bakteria huonekana katika safu ya kwanza, chakula kibaya katika ya pili.

Matokeo

Mtafiti sasa anaongoza kundi dogo la ufuatiliaji wa vipepeo ambalo limedumu misimu mingi kuliko ruzuku yoyote aliyowahi kupata. Wanafunzi wawili wamemaliza uzamivu chini yake. Uzao wa misimu miwili iliyopotea haukupotea wote: kwa kuwa mama hupitisha kromosomu nzima nzima, data zile hazifai kuonyesha jeni iko sehemu gani ya kromosomu, lakini zinafaa sana kuonyesha iko katika kromosomu ipi, na zilitumika hivyo baadaye.

Cheo kilikuja kwa kuchelewa. Kamati ya kupandisha vyeo ilimpeleka kwa wapimaji wa mimea, ambao walisema hachapishi tena katika uwanja wao, kisha kwa wapimaji wa wadudu, ambao walisema ndiyo kwanza ameanza. Mzunguko huo ulichukua miaka mitatu, na ulimalizika pale tu idara ilipokubali kumtafuta mpimaji anayefanya kazi kati ya mimea na wadudu.

Uchambuzi

Inafaa kutofautisha alivyovibeba Mtafiti kutoka uwanja wa kwanza. Alibeba tabia ya kazi: kushuku kila idadi, kuwa na kundi la kulinganisha, kuuliza ni mkazo gani mwingine umeingia bila kualikwa. Tabia hiyo ilizaa jaribio la vyungu, na kwa maoni yangu mtaalamu wa vipepeo asiye na historia ya mimea angekawia zaidi kuligundua tatizo lile. Lakini alibeba pia dhana kuhusu viumbe wenyewe, kwamba kromosomu huchanganyika kwa mama kama kwa baba, na dhana hiyo ilimgharimu misimu miwili. Vyote viwili vilikaa akilini mwake mahali pamoja na vilionekana sawa. Njia pekee ninayoiona ya kuvitenganisha mapema ni kukaa na watu wanaomlea kiumbe huyo kila siku, na hilo alilifanya mwaka mmoja na nusu baadaye kuliko ilivyopasa. Wiki zile 6 za maabara na msimu ule wa mfugaji vilipaswa kuwa hatua ya kwanza.

Kugeuza swali baada ya mwaka 2020 kulifanikiwa kwa sababu hakutafuta jambo jipya la kuvutia. Aliorodhesha alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani uwepo wa kudumu mahali pamoja. Nimeona watafiti wengi wa kanda yetu wakishindana na maabara kubwa katika jambo ambalo maabara hizo zina nguvu zaidi, la kusoma jenomu nyingi kwa haraka, huku wakiiacha ile faida ya kuwa hapa mwezi Februari na mwezi Julai, mwaka huu na mwaka ujao.

Ushauri wetu wa miguu pande zote mbili ulikuwa kosa, nami nilikuwa miongoni mwa walioutoa. Tulifikiri tunampunguzia hatari. Kwa kweli tulimfanya apoteze umakini katika pande zote mbili katika kipindi kile kile alichohitaji kusoma mambo ya msingi, na ninaamini kosa la kupandisha lilichangiwa na hilo: mtu anayeingia bandani siku mbili kwa juma hana muda wa kusoma sehemu za mbinu. Tungemshauri afunge mradi wa mimea kwa utaratibu ndani ya miezi minne au mitano, amkabidhi mwanafunzi kwa msimamizi mwingine kwa maandishi, aandike data zilizopo hata kama si kamili, kisha aondoke.

Aliyeumia zaidi ni mwanafunzi huyo wa uzamili. Kwa miezi 18 alikuwa na msimamizi aliyekuwepo nusu, chumba cha mimea kilichozimika mara kwa mara, na mradi ambao kila mtu isipokuwa yeye alijua unakaribia kufungwa. Alihamishiwa kwa msimamizi mwingine akiwa amechelewa, akamaliza mwaka mmoja baada ya wenzake, na hakuendelea na utafiti. Hakuna kati yetu watatu aliyemhoji wakati wa mapitio ya kwanza. Katika mapitio ya pili tulipendekeza, na idara ikakubali, kwamba mtafiti anayeomba kubadili uwanja awasilishe pamoja na ombi lake barua ya kila mwanafunzi wake, iliyosainiwa na msimamizi atakayempokea.

Data za mwanafunzi huyo, vipimo vya mnyanya chini ya ukame na viwavi kwa pamoja, ni nzuri na hazijachapishwa. Mtafiti ametenga mwezi wa Julai mwaka huu kuziandika pamoja naye, jina la mwanafunzi likiwa la kwanza.